Kuta ndizo zinazochagua vazi la flashi: kupiga picha za watu sebuleni

Sikukuu moja ya Idi nilimpiga picha dada yangu sebuleni kwake. Nilikuwa na flashi ndogo ya betri, stendi, triga ya kuiwasha flashi kutoka kwenye kamera, na mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga. Kwenye kioo cha kamera picha zilipendeza. Usiku nilipozifungua kwenye kompyuta nikaona shavu la upande wa mwanga lina rangi yake halisi, ile kahawia ya dada ninayoijua, lakini shavu la upande wa kivuli lina ukijani. Nikasawazisha rangi ya picha nzima. Kivuli kikapona, shavu lenye mwanga likageuka la waridi. Nikarudisha, nikajaribu tena, mpaka karibu na alfajiri ndipo nikaelewa kwamba kamera haina kosa. Sebule ile ilipakwa rangi ya kijani cha embe bichi. Sehemu kubwa ya mwanga wangu haikwenda kwa dada. Ilikwenda ukutani, ikarudi imevaa rangi ya ukuta, na ilirudi upande mmoja tu wa uso. Ndiyo maana hakuna kusawazisha rangi kunakoitibu: kompyuta hubadilisha picha yote, na ugonjwa uko nusu ya uso.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue mwavuli au softiboksi, lile boksi la kitambaa linalovishwa flashi, namuuliza kwanza kuta zake ni za rangi gani na dari yake iko umbali gani. Katika studio kubwa iliyopakwa rangi nyeusi, mwanga unaopotea njia umepotea kweli. Nyumbani haupotei. Unagonga ukuta, unagonga dari, unagonga vigae vya sakafuni, kisha unarudi kwa mtu uliyemweka mbele ya kamera. Chumba chenyewe ni kifaa cha mwanga, na kipo kabla hujanunua chochote. Kile unachokivisha flashi kazi yake ni kuamua chumba kitashiriki kiasi gani.

Mwanga laini ni nini hasa

Flashi ya betri ikiachwa uchi, mwanga wake unatoka kwenye kioo kidogo kuliko kiganja. Kivuli cha pua kinakuwa na ukingo mkali kama kimekatwa kwa wembe. Ukiupitisha mwanga huohuo kwenye kitambaa cha upana wa mita moja, kivuli kinafifia polepole, kwa sababu kila sehemu ya uso sasa inaangaliwa na mwanga kutoka pembe nyingi kwa wakati mmoja.

Wengi wanalijua hilo. Wanachosahau ni kwamba ukubwa huo hupimwa kutoka pale uso ulipo. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4, lakini liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, hivyo mbinguni linaonekana dogo kuliko ncha ya kidole ulichokinyoosha mbele yako. Ndiyo sababu vivuli vya saa saba mchana ni vikali. Wingu likitanda, taa yetu inakuwa mbingu nzima, na vivuli vinayeyuka.

Kwa hiyo softiboksi ya sentimita 90 iliyo sentimita 90 kutoka usoni ni taa kubwa. Ileile ikisogezwa mita tatu nyuma ni taa ndogo. Kipimo ninachoanza nacho siku zote ni umbali unaolingana na upana wa kifaa chenyewe. Kipimo hicho kinakuonya pia kuhusu manunuzi. Mwavuli wa sentimita 150 unavutia sana dukani, lakini kwenye sebule ya mita tatu kwa nne yenye makochi, kabati la televisheni na meza, hauna pa kusimama. Na juu kuna pangaboi. Sisemi hivi kwa mzaha: kabla ya kuinua stendi ndani ya nyumba, zima pangaboi kwenye swichi na uwaambie wenyeji wasiliwashe. Fimbo za mwavuli na mabapa ya feni havipatani, na upepo wake peke yake unatosha kuuangusha mwavuli. Kidumu cha maji cha lita tano kikining'inizwa kwenye stendi kinaituliza vizuri.

Ngozi yetu na mng'aro

Maelezo mengi niliyosoma kuhusu taa yanazungumzia vivuli. Kwa ngozi nyeusi, mimi naanza na mng'aro, na naona hapa ndipo kifaa kinapochaguliwa au kukosewa.

Mwanga ukifika kwenye ngozi unafanya mambo mawili. Sehemu yake inaingia ndani kidogo, inachukua rangi ya ngozi, kisha inatoka ikitawanyika. Sehemu nyingine haiingii kabisa. Inadunda juu ya ngozi kama kwenye kioo, na inabaki na rangi ya taa. Ile ya kwanza hupungua kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi. Ile ya pili hutegemea mafuta, jasho na unyevu vilivyo juu, na iko karibu sawa kwa watu wa rangi zote. Matokeo yake, kwenye uso mweusi mng'aro una sehemu kubwa zaidi katika picha. Ndio unaochora paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua na mtulinga. Ukiuondoa wote, uso unakuwa bapa kama karatasi. Kwa hiyo sifuti mafuta yote usoni mwa mtu. Napunguza tu kwa tishu pale kwenye paji na pembeni mwa pua, kisha kazi iliyobaki naiachia taa.

Mng'aro ni picha ya taa yenyewe, kama dirisha linavyoonekana kwenye boneti ya gari iliyooshwa. Taa ndogo inaacha nukta nyeupe iliyoungua, isiyo na chochote ndani yake. Taa kubwa inaacha eneo pana lenye mwanga wa kiasi, unaopungua taratibu kuelekea pembeni, na ndani yake ngozi bado inaonekana, vinyweleo na vyote.

Kuna jambo la ziada ambalo lilibadilisha kabisa namna ninavyoweka taa. Ukisogeza taa karibu na uso, ngozi yenyewe inapata mwanga mwingi zaidi, lakini ile picha ya taa inayoonekana juu ya ngozi haizidi kuwa angavu. Inakuwa kubwa tu. Kioo ndivyo kilivyo: sura ya balbu kwenye kioo haiongezeki ukali kwa sababu umekisogeza karibu na balbu. Sasa ukipunguza nguvu ya flashi ili picha isiungue, rangi ya ngozi inabaki pale ilipokuwa na mng'aro unashuka. Mtu mwenye uso unaong'aa sana mara nyingi hahitaji poda zaidi. Anahitaji softiboksi isogezwe karibu, hata ikabidi ukingo wake uingie kwenye fremu na ukatwe baadaye.

Ndiyo sababu pia napendelea vifaa vyenye kitambaa cheupe ndani, au vyenye vitambaa viwili vya kuchuja, kimoja katikati na kimoja mbele. Bitana la fedha linaongeza nguvu, lakini linaelekea kuacha kiini kikali katikati. Ile sahani ya chuma ya wapiga picha wa urembo, ya sentimita 42 au 55, ni nzuri sana juu ya uso uliopambwa na mtu anayejua kazi yake. Katika joto la Januari, kwa shangazi aliyetoka jikoni dakika tano zilizopita, inaandika kila tone la jasho. Isiwe kifaa chako cha kwanza.

Mwavuli, softiboksi na gridi

Mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga ni rahisi, mwepesi, na unafunguka kwa sekunde. Lakini kitambaa chake hakipitishi mwanga wote. Sehemu kubwa inarudi nyuma, inapita pembeni mwa flashi na kwenda kuutafuta ukuta. Ni kifaa kinachomulika pande zote za chumba. Katika chumba cheupe chenye dari nyeupe hilo ni baraka, kwa sababu kuta zinajaza vivuli bila wewe kununua taa ya pili. Katika chumba cha pichi, cha kijani, au chenye pazia kubwa jekundu, ni balaa niliyoisimulia pale mwanzo.

Mwavuli wa kurudisha mwanga, ule wenye kitambaa cheusi mgongoni, ni hatua moja mbele. Flashi inautazama mwavuli, mwavuli unamtazama mtu, na weusi wa nyuma unazuia mwanga usivuje. Hata hivyo bado unamwaga mwanga kwa upana sana mbele yake, ukutani na darini pia.

Softiboksi ina kuta nyeusi pembeni, na mwanga unatokea mbele tu. Watu hudhani hapo kazi imekwisha, lakini kile kitambaa cha mbele bado kinatawanya mwanga karibu pande zote za mbele yake. Kinachoubana kweli ni gridi, ule wavu wa vitambaa vyeusi vilivyopangwa kama sega la nyuki unaobandikwa mbele ya softiboksi. Gridi haiufanyi mwanga uwe laini zaidi. Inauzuia tu usiende pembeni, na inakula nguvu ya flashi, mara nyingi kama stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Kwa nyumba yenye kuta za rangi, mimi naiona gridi kuwa na thamani kuliko kuongeza sentimita 30 za upana. Ukikuta softiboksi inauzwa na gridi yake ndani ya mfuko, ichague hiyo hata kama ni ndogo kidogo.

Ikiwa hela ya gridi haipo, vita vinaweza kuhamishiwa ukutani. Upande wa kivuli tundika shuka nyeupe kwenye kamba: vivuli vitajazwa na mwanga usio na rangi. Tundika kitambaa cheusi badala yake, vivuli vitazama na uso utapata umbo kali zaidi. Shuka iliyochakaa na kuwa ya manjano kidogo inakubalika ikitumika kama kichujio mbele ya flashi, kwa sababu hapo mwanga wote unapita humo na kamera inaweza kusawazisha rangi moja. Kwenye ukuta wa kivuli isitumike, kwa sababu ileile iliyoniponza na ukijani. Usisahau sakafu. Zulia jekundu hupaka wekundu chini ya kidevu, na karatasi ya manila nyeupe iliyolazwa miguuni kwa mtu aliyeketi huondoa tatizo.

Kabla ya yote hayo, zima flashi upige picha moja kwa mipangilio ileile ya kamera, tuseme ISO 100, apecha (uwazi wa lenzi) f/5.6 na kasi ya 1/160. Picha ikitoka nyeusi, uko salama. Ikionyesha chumba, basi balbu au dirisha nalo linachangia rangi yake.

Ukuta wa nyuma

Hapa hesabu kidogo inasaidia. Umbali ukizidishwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Ukizidishwa mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Mweke mtu mita moja kutoka kwenye taa, na ukuta uwe mita mbili nyuma yake. Ukuta uko mita tatu kutoka kwenye taa, kwa hiyo unapata sehemu moja ya tisa ya mwanga anaoupata mtu, zaidi kidogo ya stopu tatu chini. Unaonekana wa giza hata kama ni wa krimu. Sasa isogeze taa iwe mita mbili kutoka kwa mtu. Ukuta unakuwa mita nne, unapata robo, stopu mbili tu chini, na nyufa, waya wa antena na kalenda ya mwaka jana vinaanza kusomeka.

Kwa maneno mengine, kusogeza taa karibu kunafanya kazi tatu pamoja: vivuli vinalainika, mng'aro unatulia, ukuta unazama gizani. Hii ndiyo sababu katika chumba kidogo softiboksi ya kati iliyo karibu hushinda kifaa kikubwa kilichosukumwa pembeni kwa kukosa nafasi.

Lakini mwanga unaopungua haraka una madhara yake pia, na kanzu ndiyo hufichua. Mvulana mwenye ngozi nyeusi amevaa kanzu nyeupe. Ukipima mwanga kwa uso, kifua kinaungua na darizi la shingoni linapotea. Ukipima kwa kanzu, uso unazama. Wengi hukimbilia kompyuta. Jaribu kwanza kuinua softiboksi juu ya usawa wa kichwa na kuielekeza juu kidogo, ili katikati ya mwanga ipite mbele ya uso na ukingo tu ndio uangukie kifuani. Uso unakuwa karibu na taa, kanzu inakuwa mbali nayo na pembeni mwa mwanga. Tofauti ya stopu moja inatosha kuokoa uzi. Kanzu yenyewe itarudisha mwanga mweupe chini ya kidevu, zawadi ambayo sare nyeusi ya shule au baibui haitoi. Kwa baibui fanya kinyume, shusha taa kidogo na kuielekeza chini, kitambaa kipate mwanga wa kutosha kuonyesha mikunjo.

Pale ambapo huhitaji kununua kitu

Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja zina vyumba vyembamba kwa sababu za ujenzi: upana wake ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na boriti hizo kwa kawaida hazivuki mita tatu. Kuta zake za chokaa nyeupe ni kifaa bora kuliko kingi kilichoko madukani. Geuza flashi iutazame ukuta, mita moja au moja na nusu kutoka kwake, na doa la mwanga linalotokea pale ndilo taa yako, kubwa kama dirisha. Mtu akae ubavuni mwa doa hilo. Ukuta wowote mweupe hufanya vilevile, wa chokaa au wa rangi ya maji. Cha kuangalia ni kwamba mwanga wa moja kwa moja wa flashi usimfikie; kipande cha boksi jeusi kilichofungwa kwa mpira ubavuni mwa flashi kinamkinga.

Dari siipendi sana. Mwanga unaoshuka wima unatia giza machoni, na nyusi zinakuwa paa. Ikibidi, elekeza flashi pale ambapo dari inakutana na ukuta nyuma yako wewe mpiga picha, ili mwanga urudi ukiwa na mwelekeo wa mbele.

Kama kuta ni za rangi, shuka nyeupe kwenye kamba ya kuanikia, flashi ikiwa mita moja nyuma yake, ni taa ya mita moja na nusu inayogharimu kufua tu.

Jambo wasilolitaja wauzaji

Kifaa cha sentimita 90 kinakuwa cha sentimita 90 pale tu mwanga unapokijaza. Flashi za betri zina zumu ndani yake, na nyingi hujirekebisha kufuata lenzi. Ukiwa na zumu kwenye milimita 105, mwanga unagonga katikati ya kitambaa tu, na kifaa chako kikubwa kinafanya kazi kama sahani ya chai. Iweke mwenyewe kwenye 24, au shusha kile kibapa cha plastiki cha kupanua mwanga. Kuhakiki ni rahisi: punguza nguvu ya flashi, funga apecha hadi f/16, kisha ipige picha softiboksi yenyewe ukiwa mbele yake. Utaona kama inawaka yote au ina jicho jeupe katikati. Nimeona vifaa vya bei vikishindwa jaribio hili kwa sababu ya zumu tu.

Kingine ni mshiko, ile sehemu inayounganisha softiboksi na taa. Wapiga picha wengi wanatumia mshiko aina ya S uliotoka kwa Bowens, kampuni ya Uingereza iliyoanza 1923 na kufungwa 2017. Kampuni imekwenda, mshiko umebaki, na viwanda vingine vinaendelea kuutengeneza. Nunua kishikilia flashi chenye mshiko huo, na softiboksi yako ya leo itaingia kwenye taa kubwa utakayopata miaka ijayo.

Kwa sebule ya kawaida yenye kuta za rangi, ningeanza na softiboksi ya pembe nane ya sentimita 80 hadi 95, ya kukunjwa kama mwavuli, yenye gridi. Baadaye ningeongeza mwavuli wa kurudisha mwanga wa sentimita 105 hivi, mweupe ndani, mweusi nje. Umbo la pembe nane au mstatili litaonekana tu kwenye kimulimuli cha jichoni, ile nukta ya taa inayong'aa ndani ya jicho, na hilo ni suala la mapenzi ya mtu.

Mwavuli huo wa pili ni kwa ajili ya siku ambayo familia nzima inataka picha. Hapo sheria ya kusogeza karibu inageuka. Taa ikiwa mita moja kutoka kwa mstari wa mbele na mita mbili kutoka kwa wa nyuma, waliosimama nyuma wanapata robo ya mwanga wa waliokaa. Irudishe mita tatu, na mistari iachane sentimita 60 tu: tofauti inashuka hadi kama nusu stopu. Vivuli vitakuwa vikali kidogo kuliko ulivyozoea, na si kitu, kila uso utaonekana. Kama kuta ni nyeupe, acha mwavuli umwage mwanga utakavyo. Na babu akiwa na miwani, usimwombe aivue, maana hivyo ndivyo wajukuu wanavyomjua. Inua stendi, isogeze mbali na kamera upande anaoutazama, na mwambie ainamishe kidevu kidogo sana, mpaka doa jeupe liteleze na kutoka kwenye kioo cha miwani na macho yake yaonekane.